Muhogo Uliotoka Amani: Zaidi ya Miaka Mia ya Utafiti Katika Milima ya Usambara

Walowezi wa Kijerumani waliokwea milima ya Usambara Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuta msitu wa miti mirefu ajabu, wakakata shauri palepale kwamba penye mti mkubwa pana udongo mnono. Walifyeka Derema, wakafyeka Nguelo, wakapanda kahawa. Miaka ya kwanza mibuni ilistawi. Kisha ikaanza kunyong'onyea. Mavuno yalishuka mwaka hadi mwaka, na mashamba yaliyomeza mtaji mkubwa yakabaki na mibuni iliyozeeka kabla ya wakati wake. Kampuni zililaumu wadudu, zikalaumu mvua, zikalaumu vibarua. Sababu yenyewe hakuna aliyeijua.

Kushindwa kwa kahawa hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyoifanya serikali ya Kijerumani ione kwamba haiwezi kuendesha koloni la mashamba makubwa kwa kubahatisha. Mwaka 1902 ilianzisha Taasisi ya Biolojia na Kilimo hapo Amani, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, juu ya mji wa Muheza. Swali la kahawa lilikuja kujibiwa mahali hapohapo zaidi ya miaka 40 baada ya mibuni ya kwanza kupandwa, na aliyelijibu alikuwa mtumishi wa serikali nyingine kabisa. Historia yote ya Amani imekwenda hivyo. Matunda yake makubwa hayakuvunwa na watawala walioyapanda, na mara nyingi yaliwafikia watu ambao hakuna aliyewafikiria wakati kazi inaanza. Anayetaka kujua utafiti wa milimani una faida gani hana budi kuwa na subira ya kufuata habari hii tangu mwanzo.

Mtu aliyeisukuma fikra ya Amani ni Franz Stuhlmann, mpelelezi na msomi aliyekuwa ofisa wa serikali ya koloni. Alikuwa amezuru Java na kuiona bustani ya mimea ya Buitenzorg, ile inayoitwa leo Bogor, ambako Waholanzi walikuwa wamejenga kituo cha utafiti kilichosifika dunia nzima. Alitaka Usambara iwe na cha namna hiyo. Hata mtaalamu wake mkuu wa mimea, Albrecht Zimmermann, alitoka hukohuko Buitenzorg, akiwa tayari amefanya kazi kubwa juu ya magonjwa ya kahawa.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa akili. Kutoka kwenye kilele kilichojaa ukungu hadi bonde la mto Zigi ni mwendo mfupi, na katika mwendo huo mtu hupita hali ya hewa ya namna kadhaa. Mmea wa baridi ulipata pake juu, mmea wa joto ukapata pake chini, na yote ikaangaliwa na kituo kimoja. Mbegu zilikuja kutoka Asia, Amerika ya Kusini na visiwa vya bahari zote. Walipanda mikwinini, michai, mikarafuu, mipira ya kila aina, miti ya mbao, ya nyuzi, ya mafuta na ya manukato. Bustani ilienea mamia ya hekta, ikawa mojawapo ya bustani kubwa za mimea barani Afrika. Reli ndogo ilijengwa kutoka Tengeni hadi Zigi, na kituo chake cha mwisho bado kipo. Leo ndicho lango la hifadhi.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Amri ya kifalme ya mwaka 1895 ilikuwa imetangaza kwamba ardhi ya koloni ni mali ya dola, na Wasambaa waliokuwa na mashamba, makaburi na njia zao katika milima hiyo waligeuka kuwa wapangaji kwao wenyewe, au vibarua. Vibarua hao ndio waliofyeka, wakachimba mashimo, wakabeba miche mabegani na kuandika vibao vya majina ya mimea. Jarida la kituo, *Der Pflanzer*, lilianza kutoka mwaka 1905, na wasomaji wake walikuwa wenye mashamba makubwa. Mkulima wa Bondei au wa Usambara hakuwamo katika hesabu, ila kama nguvu kazi.

Hata hivyo, katika kurasa za jarida hilo la matajiri kulikuwa na makala moja ambayo siwezi kuipita. Mwaka 1894 msomi Otto Warburg, akiandika juu ya mimea inayolimwa Usambara, alikuwa ameeleza ugonjwa unaokunja na kutia mabaka majani ya muhogo. Ndiyo taarifa ya kwanza ya kitaalamu duniani juu ya ugonjwa ambao wakulima wetu leo wanauita batobato. Mwaka 1906 Zimmermann aliurudia ugonjwa huo katika *Der Pflanzer*. Hakukuta fangasi wala mdudu wa kuulaumu, akahisi kwamba kinacholeta ugonjwa ni kitu kidogo kuliko vyote vinavyoonekana kwa hadubini yake. Wakati huo elimu ya virusi ilikuwa changa mno. Muhogo ulikuwa chakula cha watu wa chini, hauna soko Hamburg, na makala ile haikumletea mtu faida. Lakini iliandikwa na ikahifadhiwa.

Zimmermann alishughulika pia na mpira wa Ceará, mti wa Brazili ulio wa ukoo mmoja na muhogo. Mashamba ya mpira huo yalijaa mkoa wa Tanga, na mwaka 1913 alichapisha kitabu kizima juu yake. Mwaka uleule bei ya mpira duniani ilianguka, kwa kuwa mashamba ya Malaya yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi, bora na rahisi zaidi. Wenye mashamba walifilisika au wakang'oa mipira na kupanda mkonge. Mipira iliyosalia ikajiotea vichakani, na watu wa pwani wakaona kwamba majani yake yanalika. Kisamvu cha mpira kinapikwa mpaka leo, na wengi wanakisifu kuliko kisamvu cha muhogo wenyewe. Msomaji aukumbuke mti huu, maana tutaurudia.

Vita vya 1914 viliipa Amani kazi ya ghafla. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, na koloni likakosa dawa, sabuni na mafuta. Wataalamu wa Amani wakageuka wenye viwanda. Magome ya mikwinini waliyoipanda wenyewe yakatoa dawa ya malaria kwa majeshi, na maabara ikatengeneza vitu vingi vya mahitaji kutokana na mazao ya nchi. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Tanga na milima yake. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo Amani ilikaa kama yatima. Wakubwa wapya walijua kwamba wamerithi kitu cha thamani, lakini hakuna aliyetaka kukilipia. Maktaba ilijaa vumbi na bustani ikamezwa na magugu. Tume ya Bunge la Uingereza iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ikiongozwa na Ormsby-Gore, ilipendekeza kituo kifufuliwe, na mwaka 1927 kilifunguliwa upya kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima, chini ya William Nowell.

Kwangu mimi, miaka 20 iliyofuata ndiyo kilele cha Amani. Kituo hakikuwa na watu wengi. Kilikuwa na wataalamu wachache waliokaa mahali pamoja kwa muda mrefu, wakila pamoja na kubishana, na kila mmoja akiona kazi ya mwenzake.

Geoffrey Milne alikuwa mtaalamu wa udongo. Alipozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika ili kuchora ramani ya udongo, aliona kwamba haiwezekani kuchora kila aina ya udongo peke yake, kwa kuwa udongo wa nchi hizi hubadilika kufuata mteremko. Juu ya kilima kuna udongo mwekundu, katikati ni wa namna nyingine, bondeni ni mweusi wa mfinyanzi, na mpangilio huohuo unajirudia kilima baada ya kilima, kwa sababu maji hubeba chembe na madini kutoka juu kwenda chini. Mfululizo huo aliupa jina la katena, akautangaza mwaka 1935, na ramani yake ya Afrika Mashariki ikatoka mwaka 1936. Hakuna mwanafunzi wa elimu ya udongo duniani leo asiyefundishwa katena. Wachache wanaambiwa kwamba ilizaliwa Usambara.

Milne ndiye aliyejibu swali la kahawa. Katika makala yake ya mwaka 1937 juu ya udongo na mashamba makubwa ya Usambara Mashariki alieleza kwamba msitu ule haustawi kwa sababu ya unono wa ardhi. Ardhi yenyewe ni fukara, imeoshwa na mvua kwa maelfu ya miaka. Utajiri uko katika msitu wenyewe: majani yanaanguka, yanaoza, mizizi inanyonya haraka kabla mvua haijachukua kitu, na mzunguko unaanza tena. Ukikata miti umekata mzunguko. Mibuni ya miaka ya 1890 ilikula akiba iliyobaki, akiba ikaisha. Mtu mmoja alikuwa amesimama kwenye ardhi iliyowafilisi walowezi akaisoma kwa utulivu, na tangu hapo kila anayetaka kufyeka msitu wa mvua apate shamba la kudumu anaweza kuonyeshwa maandishi ya Amani. Inasikitisha kwamba wengi bado wanahitaji kuonyeshwa.

Peter Greenway aliijenga hazina ya mimea iliyokaushwa ambayo ndiyo asili ya hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi. Yeye pia ndiye aliyekusanya kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1937. Majina yale hakuyabuni. Aliyapata kwa wazee, waganga, wakata mbao na wachungaji, na kamusi yake ni ushahidi kwamba elimu ya mimea ya nchi hii ilikuwako kabla ya maabara.

Reginald Moreau hakuajiriwa kama mwanasayansi hata kidogo. Alifika Amani mwaka 1928 kushika hesabu na kazi za ofisi, na ndege walikuwa mapenzi yake tu. Milima ikamfanya bingwa. Ndege mdogo wa Amani, shoro mwenye mdomo mrefu, ana jina lake katika orodha ya kisayansi, na chozi wa Amani alielezwa kwa mara ya kwanza naye akishirikiana na mwenzake. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya kuhesabu mayai. Alijiuliza kwa nini ndege wa tropiki hutaga mayai machache kuliko ndege wenzao wa Ulaya. Data alizokusanya kwa miaka mingi, alizozichapisha mwaka 1944, ziliingia katika mjadala mkubwa wa elimu ya viumbe, na David Lack, aliyemtembelea Amani mwaka 1934 akiwa kijana, alikuja kuwa miongoni mwa majina makubwa ya mjadala huo.

Data hizo hazikukusanywa na Moreau peke yake. Viota vilitafutwa na kulindwa na wasaidizi Waafrika, na mkuu wao alikuwa Salimu Asmani. Kukaa karibu na kiota kutwa nzima, kuandika kila mara mzazi anapoleta chakula, kutambua sauti ya ndege katika msitu ambao macho hayapenyi, ni kazi ya mtaalamu. Moreau aliitambua kazi ya Salimu na kumtaja, jambo ambalo wengi wa rika lake hawakulifanya. Hata hivyo chuo kikuu hakikumwita Salimu Asmani atoe mhadhara, na jina lake ni wachache wanaolijua hata Tanga.

Sasa nirudi kwenye muhogo, maana hapa ndipo Amani ilipoigusa Afrika nzima.

Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kupanda muhogo kama akiba ya njaa. Nzige huula mtama na mahindi. Muhogo uko chini ya ardhi. Lakini batobato ilikuwa imeenea kila mahali. Harold Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyekwisha kupata sifa kwa kuonyesha jinsi mdudu anavyoeneza virusi vya mahindi, alianza kuushughulikia muhogo. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols walithibitisha kwamba batobato husambazwa na nzi weupe. Mwaka 1936 Storey akaeleza ugonjwa wa pili, mpya kwa sayansi, aliouona kwenye miteremko ya chini ya Usambara: michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu una hila mbaya zaidi. Shamba laweza kuonekana zuri juu, majani yakiwa na dalili chache tu, kisha mkulima akachimba na kukuta mizizi imeoza ndani, mikavu, ya rangi ya udongo, isiyofaa kuliwa wala kuuzwa.

Walijaribu mihogo ya kienyeji, wakaagiza mihogo kutoka sehemu nyingi za dunia. Hakuna uliosimama imara mbele ya magonjwa yote mawili. Ndipo walipougeukia ule mpira wa Ceará, mti ulioachwa vichakani baada ya biashara kufa, ambao magonjwa hayo hayakuutesa sana. Waliuchavusha na muhogo. Watoto waliozaliwa walikuwa miti mirefu yenye afya na mizizi isiyolika. Wakawachavusha hao tena na muhogo, wakachagua, wakachavusha tena na muhogo, wakachagua. Ilihitaji kurudi kwenye muhogo mara tatu ndipo ikapatikana mimea yenye mizizi ya kuliwa na damu ya kutosha ya mpira kuikinga. Kila kizazi kilitaka kungoja maua, kungoja mbegu, kupanda nyanda za chini ambako ugonjwa ni mkali, na kutupa karibu yote. Vita Vikuu vya Pili vikapita juu yao wakiendelea. Baada ya Nichols kazi ikashikwa na D. L. Jennings. Mwaka 1957 mpango ukafungwa, wakati utafiti wa kilimo ulikuwa umekwisha kuhamishiwa Muguga, karibu na Nairobi.

Ofisa wa fedha aliyehesabu wakati ule angesema kwamba miaka 20 imepotea. Aina chache zilikuwa zimegawiwa kwa wakulima wa pwani, na basi.

Lakini Jennings alikuwa ametuma mbegu nje. Katika miaka ya 1950 baadhi zilifika kituo cha Moor Plantation, Ibadan, Nigeria. Huko ukachaguliwa mmea uliopewa namba 58308. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, ilipoanza kuboresha muhogo hapo Ibadan mwanzoni mwa miaka ya 1970 chini ya S. K. Hahn, ilimchukua 58308 kuwa mzazi, ikamchanganya na mihogo ya Brazili. Ndipo ilipozaliwa jamii ya mihogo ya TMS, na maarufu kuliko yote TMS 30572, iliyoenea Nigeria na nchi nyingi za Afrika.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ya namna mpya ilizuka Uganda, ikitokana na virusi viwili vilivyochanganyika. Iliteketeza mashamba wilaya hadi wilaya, na sehemu nyingine watu wakakumbwa na njaa. Mojawapo ya mihogo iliyosambazwa kwa wakulima ili kuokoa zao hilo ilikuwa TMS 30572, ambayo Waganda waliipa jina la Migyera. Damu iliyotoka Amani, ikapita Ibadan, ilikuwa imerudi Afrika Mashariki kama mkombozi, na wengi walioipanda hawakuwa na habari na Muheza.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 2004 michirizi ya kahawia, ambayo kwa miaka mingi ilionekana ugonjwa wa pwani, iligunduliwa Uganda tena, ikaenea ukanda wa Maziwa Makuu hadi Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Watafiti waliposaka muhogo unaoustahimili, walikutana na ule ambao wakulima wa kusini mwa Tanzania wanauita Namikonga. Pwani ya Kenya ulikuwepo muhogo mwingine wenye ustahimilivu huohuo, unaoitwa Kaleso. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ni mmea mmoja: 46106/27, mtoto wa Amani. Wakulima walikuwa wameuhifadhi kwa mikono yao, wakipeana pingili jirani kwa jirani, kwa zaidi ya nusu karne baada ya kituo kuusahau. Na mwaka 2016 jopo la wanasayansi waliosoma jenomu ya muhogo lilionyesha vipande vya vinasaba vya mpira wa Ceará ndani ya mihogo ya Afrika, na kuvihusisha na uchavushaji ule wa miaka ya 1930.

Kwa maoni yangu hakuna hoja nzuri kuliko hii dhidi ya wanaotaka kila mradi wa utafiti uonyeshe faida ndani ya miaka mitatu. Zimmermann, Storey, Nichols, Jennings, wachavushaji wao Waafrika ambao majina yao hayakuchapishwa, na akina mama wa Mtwara walioweka pingili za Namikonga: huo ni mnyororo mmoja, na ukikata pete moja hakuna kilichobaki.

Wataalamu wa kilimo walipohama, majengo ya Amani yaliingia watu wa malaria. Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, chini ya Bagster Wilson, ilifanya kati ya 1954 na 1959 jaribio kubwa la kupulizia dawa nyumba za Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya. Malaria ilishuka, vifo vya watoto wachanga vikapungua, na watafiti wakaendelea kufuatilia kwa miaka baada ya upuliziaji kukoma ili kuona ugonjwa unavyorejea. Mick Gillies alikuwa Muheza akiwatia mbu alama kwa maelfu, akiwaachia na kuwakamata tena, apate kujua mbu wa malaria huruka umbali gani na huishi siku ngapi. Maswali hayo yanaonekana madogo. Bila majibu yake hakuna anayeweza kukokotoa jinsi malaria inavyosambaa wala njia ya kuikata.

Baada ya uhuru taasisi ilipata mkurugenzi wake wa kwanza Mwafrika, Philip Wegesa, Mtanzania aliyebobea katika usubi unaoeneza upofu wa mtoni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Amani ilipoteza ndugu zake wa Kenya na Uganda kwa siku moja, kisha ikawa sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Miaka ilikuwa ya dhiki: petroli hakuna, vipuri hakuna. Katika dhiki hiyohiyo, Muheza, watafiti wa NIMR Amani wakishirikiana na Christopher Curtis na wenzake wa London walijaribu vyandarua vilivyochovywa dawa, kwanza katika vibanda vya majaribio, matokeo yakachapishwa mwaka 1987, kisha katika vijiji vizima. Stephen Magesa na wenzake wakavilinganisha na upuliziaji wa DDT. Ni miongoni mwa majaribio yaliyoifanya dunia ikubali chandarua chenye dawa, kitu ambacho leo kimo katika mamilioni ya vyumba barani.

Msitu wenyewe uliozunguka taasisi nusura uondoke wakati huohuo. Katika miaka ya 1970 uvunaji wa magogo kwa mashine uliingia Usambara Mashariki, kwa ajili ya kiwanda cha mbao cha Tanga kilichopata msaada wa Finland. Alan Rodgers wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Katherine Homewood walichapisha mwaka 1982 uchambuzi uliodhihirisha jinsi milima hii ilivyojaa viumbe wasiopatikana popote pengine duniani, na Jon Lovett akafanya kazi kubwa ya kuionyesha Usambara, Uluguru, Udzungwa na ndugu zao kuwa safu moja ya kale, Milima ya Tao la Mashariki. Hoja ya maji ilikuwa nzito vilevile, kwa kuwa mto Zigi ndio unaonywesha jiji la Tanga. Orodha za mimea na ndege zilizoanzishwa Amani miongo mingi nyuma zikageuka ushahidi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mashine zilikuwa zimesimamishwa, na Finland ileile ikafadhili uhifadhi. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na bustani ya Wajerumani ikiwa ndani yake.

Kuna hesabu za upande wa pili, nazo ni lazima zisemwe. Bustani ile ilileta pia wavamizi. Mti ambao Waganda huuita musizi ulipandwa Amani kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Magogo yalipovunwa na mwanga ukaingia msituni, hondohondo wakasambaza mbegu zake, na leo umechukua nafasi kubwa ya miti ya asili. Na uhifadhi wenyewe umewagharimu watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili kuunganisha vipande vya msitu pale Derema, zaidi ya wakulima elfu moja walitakiwa kuacha mashamba yao ya iliki. Fidia ilichelewa, na malalamiko juu yake yaliendelea miaka mingi. Derema ndipo walowezi walipofyeka msitu wapande kahawa. Karne moja baadaye, mjukuu wa Msambaa akaambiwa aondoe iliki yake ili msitu urudi. Naamini msitu ulistahili kulindwa, kwa ajili ya maji ya Tanga kwanza kabisa. Siamini kwamba wa kulipia walistahili kuwa wenye iliki wachache badala ya wote wanaokunywa maji hayo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wizara zinazohusika, kwa NIMR, kwa Wakala wa Huduma za Misitu na kwa vyuo vyetu. Amani bado ina miti iliyopandwa tangu 1902, ina majengo, vitabu, na wazee waliofanya kazi katika maabara hizo wakiwa vijana. Miti itambuliwe na kuhesabiwa upya. Maandishi ya kale yapigwe picha na kuwekwa mahali ambapo mwanafunzi wa Kitanzania anaweza kuyasoma. Wazee wahojiwe sasa, na majina ya wachavushaji, watafuta viota na wakamata mbu yaandikwe, yasomeke kando ya majina ya Storey na Moreau. Na wanaopanga bajeti za utafiti wa leo, kabla ya kufunga mradi kwa kuwa haujatoa matokeo, waulize kwanza Namikonga ilichukua miaka mingapi.